Mlima Wetu Ndio Kijiji Chetu

Juma hili ukurasa wetu unawachukua mashambani, kwanza katika mlima wa Gishora, ulio kilomita zipatazo 7 kutoka mjini Gitega, kisha utawafikisha Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Hatuendi kutalii. Twataka kutazama mlima wa wakulima unavyoishi, na kulijibu swali ambalo askari aliyezaliwa mlimani hujiuliza usiku akiwa kambini: Je, shamba la baba litanisubiri?

KIJIJI KISICHOONEKANA

Mgeni atokaye Tanzania akija kwetu kutafuta kijiji hushangaa. Kwao, hasa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu walikusanywa, nyumba zikajengwa kwa safu karibu na barabara, shule na zahanati. Jirani zetu wa Rwanda nao walianzisha mpango wa imidugudu katika miaka ya 1990. Hata huko Java, nchini Indonesia, kwa wakulima wa mpunga, nyumba za kijiji aghalabu hukaa pamoja, na mashamba yakazizunguka.

Kwetu sivyo. Kila familia hukaa katikati ya shamba lake, nyumba hii huku, nyumba ile kule, migomba ikizificha zote. Ni kweli kwamba vita vilivyoanza mwaka 1993 vilileta kambi za watu waliohama makwao, na baadaye vikajengwa vijiji vya waliorejea kutoka ukimbizini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wakulima wamebaki milimani mwao. Mlima ndio kijiji chetu. Una wajumbe wake na mkuu wake, ambao tangu mwaka 2005 huchaguliwa na wakazi wenyewe. Una pia bashingantahe, wazee wa busara ambao tangu zamani huketi pamoja, wakapiga fimbo ya intahe chini, wakasikiliza pande zote mbili na kuwapatanisha majirani. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja mlima wake, na kwa jina hilo tu watu hujua wazee wake ni akina nani.

NGOMA NA JEMBE

Gishora unajulikana duniani kwa ngoma zake. Mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, ndiye aliyeuheshimisha mlima huo baada ya kumshinda mtemi mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Tangu hapo wageni wamezidi kufika, wakatazama wapigaji wakiruka, wakapiga picha na kwenda zao.

Lakini ni wachache wanaouliza maana ya majina ya ngoma mbili kuu zinazotunzwa hapo. Moja huitwa Ruciteme, maana yake yule ambaye kwa ajili yake msitu unafyekwa. Ya pili huitwa Murimirwa, maana yake yule ambaye kwa ajili yake watu wanalima. Basi tazama, ndugu msomaji, kwamba ngoma za mfalme hazikupewa majina ya mkuki wala upinde, bali majina ya kazi ya shamba. Ngoma yenyewe hutengenezwa kwa mti uitwao umuvugangoma, ambao Waswahili wengine huuita mringaringa, ikawambwa kwa ngozi ya ng'ombe. Na ile sikukuu kubwa ya umuganuro, ambayo mfalme aliadhimisha kila mwaka kabla utawala wa Kibelgiji haujaikomesha karibu na mwaka 1930, ilikuwa sikukuu ya kupanda mtama. Wazee wetu walijua kwamba nchi husimama juu ya jembe.

NDANI YA RUGO

Tuingie sasa katika rugo, yaani boma la familia. Mbele kuna ua ambapo zamani ng'ombe walilala usiku. Nyuma kuna jiko na kihenge cha nafaka na maharage. Kuizunguka nyumba kuna migomba, nayo haikupandwa karibu kwa bahati. Taka za jikoni, majivu na samadi humwagwa hapo kila siku, kwa hiyo ardhi iliyo jirani na nyumba hubaki na rutuba kuliko ile iliyo mbali. Chini ya migomba hupandwa maharage na magimbi. Mbele kidogo kuna mahindi, viazi vitamu na muhogo. Kisha kahawa, ambayo Wabelgiji waliwalazimisha babu zetu kuipanda katika miaka ya 1930, nayo hata leo huleta fedha taslimu za karo, mabati na matibabu. Chini kabisa, bondeni, kuna vipande vya ardhi yenye maji.

Mwaka wa kazi nao una mpango wake. Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Septemba au Oktoba, majira ya agatasi yameanza: mahindi na maharage hupandwa, na mavuno huwa Januari na Februari. Hapo huanza impeshi, majira ya mvua kubwa, na maharage hupandwa tena ili yavunwe Juni. Kahawa huiva kuanzia Machi hadi Juni, na watoto kwa wakubwa huchuma matunda mekundu na kuyapeleka katika kituo cha kuoshea kahawa. Jua la ici likishika, mlimani hakuna kazi kubwa, bali watu hushuka bondeni kulima mboga, maharage na viazi mviringo. Mama wa nyumba hana mwezi wa kupumzika. Kwa desturi migomba na kahawa huhesabiwa kuwa mali ya baba, lakini maharage, ambayo ndiyo chakula cha kila siku, hutoka mikononi mwa mama.

HESABU YA SHAMBA

Mwandishi wenu alisomea ualimu, kwa hiyo mtamvumilia akiandika hesabu ubaoni. Hesabu ya watu mwaka 1979 ilionyesha kwamba Burundi ilikuwa na watu milioni 4. Hesabu ya mwaka 2024 imeonyesha zaidi ya milioni 12. Nchi haikupanuka, ni ile ile ya kilomita za mraba 27,834.

Sasa tuchukue mfano. Babu alikuwa na hektari moja na nusu. Akawagawia wana watatu, kila mmoja akapata nusu hektari. Kila mmoja wao naye akazaa wana watatu. Wajukuu hao watapata kila mmoja mita za mraba 1,667 hivi, yaani kipande cha mita 41 kwa 41. Askari wanaocheza mpira kambini wataelewa mara moja: uwanja mmoja wa mpira wa miguu ungegawiwa familia nne za namna hiyo, na kingebaki kipande kidogo tu. Hapo ndipo migomba, maharage, muhogo, kahawa, nyumba na kaburi la babu vinapotakiwa kuenea. Na hapo hatujamtaja dada. Kwa desturi binti hupewa igiseke, kipande kidogo cha zawadi kutoka kwa baba yake; na mirathi ya ardhi hadi leo huongozwa kwa sehemu kubwa na desturi. Akirudi kutoka kwa mume, au akifiwa, mara nyingi ndugu zake humwona kama mgeni.

Haishangazi basi kwamba sehemu kubwa ya kesi katika mahakama zetu ni za ardhi, na kwamba wengi wanaoshtakiana ni watu waliokula katika sahani moja. Waswahili husema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Lakini siku hizi ndugu wakigombana huyachukua hata majembe kupigania mpaka.

ASKARI ALIYE MBALI

Katika jambo hili askari na polisi wana hatari yao wenyewe. Mkulima aliyebaki mlimani hulinda mpaka wake kila asubuhi kwa macho yake. Askari yuko kambini mkoa mwingine, au nje ya nchi kama wale waliotumwa Somalia kuanzia Desemba 2007. Hutuma fedha, na siku hizi fedha hufika kwa simu mara moja. Lakini shamba halipaliliwi kwa simu. Mwaka wa kwanza kaka yake humlimia kwa wema. Mwaka wa tatu kaka huanza kusema, "Mdogo wangu ana mshahara, haoni njaa." Mwaka wa kumi mti wa mpaka umekwisha kung'olewa, na watoto wa kaka hawajui kwamba upande ule ni wa baba yao mdogo. Kaka huyo hakukusudia wizi. Alikuwa na midomo ya kulisha. Na mke wa askari, ambaye amelea watoto kambini na hajulikani mlimani, akifiwa na mumewe huenda huko na watoto wake akaulizwa, "Mama, wewe ni nani, na mpaka unaousema nani aliuona?" Huu ndio msiba wa pili unaofuata ule wa kwanza.

MUYINGA NI NAMNA NYINGINE

Tukitoka Gitega, katika nchi ya Kirimiro, tukafika Muyinga, ambao tangu mabadiliko ya mwaka 2025 umo katika mkoa mpya wa Buhumuza, twaona milima ya namna ile ile: rugo, migomba, kahawa, maharage, na muhogo kwa wingi. Tofauti ni mpaka. Barabara ya Kobero hupitisha malori yaendayo Tanzania, Kiswahili husikika sokoni, na kijana asiye na shamba la kutosha huvuka kwenda kulima kibarua upande wa pili. Mpaka huo pia ndio njia waliyoipitia wakimbizi wengi, wakaondoka na wakarejea. Kwa hiyo, licha ya ugomvi wa ndugu kwa ndugu, huko kumekuwa pia na ugomvi wa aliyebaki na aliyerudi, kila mmoja akishika udongo ule ule na kusema kweli yake. Wote wawili huweza kuwa na mashahidi. Mara chache huwa na karatasi.

LA KUFANYA

Haitupasi kulia tu. Sheria ya ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 iliweka njia ya kumpatia mkulima cheti cha ardhi kupitia ofisi ya ardhi ya komini. Kamati hufika shambani, majirani huitwa, mipaka huonyeshwa mbele ya wote, kisha huandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hakuna mali inayohitaji daftari kama shamba la mtu asiyekuwapo. Askari apatapo likizo, kabla ya kununua redio au viti vya sebuleni, na afike katika ofisi hiyo. Aulize pia namna ya kuandikisha jina la mke wake, na haki ya dada yake aliyepewa igiseke, ili neno la baba lisife pamoja na baba.

Pili, mke na watoto wapelekwe mlimani wajulikane. Mama na watembee mpaka wote kwa miguu pamoja na bashingantahe na majirani wa pande zote, wakati mume yu hai na mzima. Mtoto wa askari aliyezaliwa kambini ajue jina la mlima wake na la mkondo wa maji unaopita chini yake.

Tatu, ndugu wasikate kila kitu vipande. Kahawa yaweza kubaki moja, ikatunzwa kwa pamoja, na fedha zikagawanywa baada ya mauzo. Fedha hugawanyika bila kuharibika. Shamba la mita 41 likikatwa tena halimlishi mtu.

Nne, fedha ya mshahara isikimbilie tu kununua kipande cha jirani mwenye shida, kwani jirani huyo kesho atakuwa adui. Ng'ombe mmoja aliyefungwa bandani aweza kulizidisha shamba bila kusogeza mpaka. Sheria ya mwezi Oktoba 2018 ilikataza mifugo kuzurura, ikataka ilishwe bandani. Wengi walinung'unika, lakini faida yake ni kwamba samadi yote hukusanyika mahali pamoja. Matete hupandwa juu ya matuta yanayokinga mmomonyoko, ng'ombe hula matete na mashina ya migomba, samadi hurudi kwenye migomba na maharage. Mwenye uwezo mdogo aanze na mbuzi wawili. Kanuni ni ile ile.

Wazee wa Gishora walipoipa ngoma jina la yule ambaye kwa ajili yake watu wanalima, walimkusudia mfalme. Ufalme ulikwisha mwaka 1966, lakini swali limebaki: twalima kwa ajili ya nani? Kwa askari jibu ni rahisi. Ni kwa yule mama aliyebaki na jembe, na kwa yule mtoto atakayeulizwa siku moja kwao ni wapi. Andikeni mipaka yenu wakati mngali mnapatana.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kihenge, na namna ya kuyahifadhi maharage yasiliwe na fukusi. Hadi hapo, kaeni salama, kambini na milimani.