Waya wa Simu na Ahadi ya Kasi

Imekuwa desturi ya makampuni ya simu, katika nchi nyingi za dunia, kuwatangazia wateja wao kwamba kasi ya intaneti imeongezwa. Aliyekuwa akiuziwa megabiti 8 kwa sekunde sasa ataweza kununua 24, na ada itapanda kidogo tu. Mteja hulipa, hungoja, kisha huona kurasa zikifunguka kwa mwendo ule ule wa jana. Hapo lawama huanza. Mmoja hulaumu kompyuta yake, mwingine humshuku fundi, na wa tatu husadiki kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mara nyingi mkosaji ni kitu ambacho hakuna aliyekitazama: waya wenyewe, ule utokao kituo cha simu, ukapita juu ya nguzo au chini ya ardhi, hadi kuingia nyumbani.

Yafaa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari walifikirie jambo hili, kwa kuwa ndani yake mna fizikia ya darasani, na mna suala la haki pia. Kasi iliyotangazwa haimfikii kila aliyeilipia, na wanaoikosa huwa ni wale wale walio mbali.

Waya wa simu ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya binadamu. Mazungumzo ya simu huhitaji mitetemo ya umeme ya kuanzia hezi 300 hivi hadi hezi 3,400 tu. Intaneti ya ADSL, ambayo kanuni zake zilikubaliwa kimataifa mwaka 1999, hupita katika waya huo huo kwa mitetemo inayofika megahezi 1.1, yaani zaidi ya mara 300 ya mtetemo wa juu kabisa wa sauti ya simu. Teknolojia iliyofuata mwaka 2003, iitwayo ADSL2+, iliongeza mitetemo hiyo hadi megahezi 2.2, na hapo ndipo megabiti 24 zilipopatikana.

Lakini shaba ina tabia yake. Kadiri mtetemo unavyokuwa wa juu, ndivyo waya unavyoumeza njiani. Waya wa simu wenye unene wa milimeta 0.5 hupoteza kiasi cha desibeli 20 katika kila kilometa, mtetemo unapokuwa megahezi 1. Desibeli 20 maana yake ni kwamba nguvu inayobaki ni sehemu moja tu ya mia. Baada ya kilometa 2 hubaki sehemu moja ya elfu kumi, na baada ya kilometa 3 sehemu moja ya milioni. Mitetemo iliyo juu zaidi ya hiyo hufifia upesi zaidi.

Kutokana na hesabu hiyo mtu aweza kutambua kwa nini kupandishwa kwa kasi hakuwanufaishi wote. Mitetemo iliyoongezwa ni ile ya juu, na ndiyo inayokufa kwanza. Jirani wa kituo cha simu huipata yote na kufurahi. Aliye umbali wa kilometa 4 au 5 haimfikii kabisa, kwa hiyo hubaki na mitetemo ya chini aliyokuwa nayo zamani. Wawili hao hulipa ada moja, lakini mmoja amenunua kasi na mwenziwe amenunua tangazo.

Umbali si adui wa pekee. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara za Bell, alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake cha kasi, na kwamba kikomo hicho hutegemea mambo mawili: upana wa mitetemo inayopita, na uwiano kati ya nguvu ya ujumbe na nguvu ya kelele. Kelele hapa si ile ya sokoni, bali ni umeme wowote usiotakiwa unaojipenyeza katika waya. Chukulia waya unaopitisha upana wa megahezi 1, na ujumbe wenye nguvu mara 1,000 ya kelele. Kikomo chake ni megabiti 10 hivi kwa sekunde. Kelele ikiongezeka mara 10, kikomo hushuka hadi megabiti 6.7. Ikiongezeka mara 10 tena, hubaki megabiti 3.5. Hakuna modemu, hata iwe ya bei gani, iwezayo kuvuka kikomo hicho.

Kelele hiyo hutoka wapi? Nyaya mbili za simu husokotwa pamoja, kwa mbinu aliyoisajili Alexander Graham Bell mwaka 1881, ili umeme wa nje uzipate kwa usawa na athari zake zijifute. Usawa huo ukivunjika, waya hugeuka kuwa kama antena. Kiungo kilichofungwa vibaya huingiwa na unyevu wakati wa masika, kikaota kutu ya kijani, na ukinzani wa upande mmoja ukazidi wa upande mwingine. Hapo redio za masafa ya kati, ambazo mitetemo yake huanzia kilohezi 526 hivi hadi 1,606, huingia moja kwa moja katika njia ya ADSL. Nyaya za jirani zilizomo ndani ya kebo moja nazo huambukizana ujumbe. Hata nyumbani, waya wa ziada ulioungwa ili kupeleka simu chumbani, au simu iliyounganishwa bila kichujio, waweza kupunguza kasi pasipo mwenye nyumba kujua.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba simu yenyewe huendelea kusikika vizuri. Sikio la binadamu lina subira. Neno likimezwa, akili hulijazia. Intaneti haina subira hiyo. Kwa hiyo fundi anayeinua mkono wa simu, akasikia mlio, kisha akasema kwamba laini ni nzima, amepima sauti tu. Intaneti hakuipima.

Nchini Tanzania habari hii ina historia yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nchi ilirithi sehemu yake ya nyaya na vituo, vikawekwa chini ya Shirika la Posta na Simu. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1994, ikazaliwa Kampuni ya Simu Tanzania. Nyaya za shaba zilizeeka, nyingine zikaibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na idadi ya laini za nyumbani haikupata kufika laki 2, ilhali kufikia mwaka 2010 laini za simu za mkononi zilikuwa zimekaribia milioni 21. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ilitua Dar es Salaam kutoka baharini, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Njia kuu ikawa pana ghafla. Njia ndogo ya kwenda mlangoni haikupanuka pamoja nayo.

Hali ya Mpale yafundisha mengi. Kata hiyo ya Wilaya ya Korogwe iko katika milima ya Usambara, juu ya nchi tambarare ambamo reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Arusha hupita. Nyaya za mawasiliano, tangu zamani, zilifuata reli na barabara. Kutoka mjini Korogwe hadi Mpale ni mbali kupita uwezo wa shaba kubeba intaneti ya kasi, kwa hiyo kuisubiri kwa waya wa simu ni kusubiri meli katika kituo cha basi. Mawasiliano ya mahali kama hapo hutegemea redio na minara. Watu wengine, kwa sababu hiyo, husema kwamba mjadala wa nyaya za simu umepitwa na wakati.

La hasha. Kanuni ya Shannon haibagui shaba na hewa. Milimani, kilima kinachosimama kati ya mnara na shule hufanya kazi ile ile ya kilometa nyingi za shaba: hufifisha ujumbe huku kelele ikibaki palepale. Tena mnara mmoja hugawana uwezo wake kati ya watumiaji wote, na nyuma yake kuna kiungo kingine kinachouunganisha na mkongo. Wakulima wa Usambara, ambao tangu kale wamechimba mifereji ya kuteremsha maji mashambani, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kuongeza maji kwenye chanzo hakusaidii shamba la chini kama mfereji umebomoka katikati.

Kwa hiyo msimamo unaostahili kushikwa ni huu: kasi ihesabiwe pale inapopokelewa, wala si pale inapotolewa. Katika jambo hili kuna mifano ya kuigwa. Nchini Uingereza mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, iliweka mwaka 2008 mwongozo wa hiari ambao makampuni yaliyoukubali yalipaswa kumweleza mteja, kabla ya kumuuzia, makisio ya kasi ambayo laini yake mwenyewe yaweza kubeba. Kuanzia mwaka 2019 mwongozo huo ulimruhusu mteja kuvunja mkataba bila adhabu, endapo kasi ingeshuka chini ya kiwango alichohakikishiwa na kampuni ikashindwa kurekebisha ndani ya siku 30. Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano tangu mwaka 2003, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka huduma mahali pasipovutia biashara. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni kwamba ufanisi usihesabiwe kwa idadi ya minara na kilometa za mkongo pekee, bali pia kwa megabiti zinazofika juu ya dawati la mwanafunzi.

Yapo pia maamuzi ya kiufundi yasiyokwepeka. Palipo na waya wa shaba, viungo, nguzo na nyaya za ndani ya nyumba vikaguliwe kabla ya mteja kuuziwa kasi kubwa zaidi. Waya uliochoka usitiwe viraka bila mwisho. Uzi wa kioo, ambao Charles Kao alieleza uwezo wake mwaka 1966, hupoteza desibeli 0.2 hivi tu katika kila kilometa, hata nuru husafiri kilometa 15 kabla ya kupoteza nusu ya nguvu yake. Ni kweli kwamba kuufikisha milimani ni ghali. Lakini shule ikiunganishwa kwa kiungo kibovu hulipa gharama hiyo kila mwezi, kwa ada ya huduma isiyoonekana na kwa vipindi vilivyopotea.

Shule zenyewe zina kazi ya kufanya. Kidato cha tatu chaweza kupima kasi ya intaneti ya shule asubuhi, adhuhuri na jioni kwa majuma mawili, kikaandika pia kama kuna mvua au jua, kisha kikachora grafu na kuilinganisha na kasi iliyoandikwa katika mkataba. Zana inayohitajika ni simu moja na daftari. Mkuu wa shule atakayepeleka grafu hiyo kwa kampuni au kwa Mamlaka atakuwa amepeleka ushahidi, na ushahidi ni mgumu kuujibu kwa tangazo.