Kiwiko ni Kipi? Lugha ya Ridhaa Mbele ya Upasuaji

Hujafa hujaumbika. Anayetoka Milimani mjini Kisumu asubuhi akiwa mzima, akapita chini ya miti ya mtaa ule mtulivu juu ya bodaboda, huenda adhuhuri ikamkuta kitandani, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, haiko mbali. Lililo mbali, aghalabu, ni kuelewana.

Tiba ya mkono uliovunjika si moja. Watoto wengi hutosheka na plasta, kwani mifupa yao ingali inakua na hujinyoosha. Kadhalika wazee wengi waliovunjika kifundo kwa kuangukia kiganja. Lakini mtu mzima aliyevunjika mifupa yote miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo baina ya kisugudi na kifundo, kwa kawaida huhitaji upasuaji. Hupewa nusukaputi au ganzi, mifupa ikarejeshwa mahali pake na kukazwa kwa bamba la chuma na skrubu. Pasipo hivyo, huenda ikaunga kombo, mgonjwa asiweze tena kukigeuza kiganja juu apokee chenji wala chini ashike jembe. Na mfupa uliotoboa ngozi haungoji: jeraha lisiposafishwa mapema, usaha huingia mfupani.

Hayo yote yapasa kuelezwa kabla ya saini. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hapo ndipo lugha inapojaribiwa. "Mkono" wa Kiswahili huanzia begani ukaishia vidoleni, ilhali Dholuo hutenganisha *bat* na *lwedo*. Aliyeambiwa tu kwamba mkono umevunjika bado hajaambiwa ni wapi. "Kiwiko" nacho kina utata zaidi: kwa wengi leo ni pale mkono unapokunjika katikati, katika kamusi za zamani ni pale unapoungana na kiganja. Fomu inayosema "upasuaji wa kiwiko" yaweza kusomwa kwa namna mbili na watu wawili, mmoja wao akiwa ndiye atakayepasuliwa.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za tiba. Dai hilo halina mashiko. Kigasha, kisugudi, kilimbili, kitata cha kufungia mfupa, na mhazigi anayeuunga, yote ni maneno ya Kiswahili. Mwanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha akayaacha ukumbini. Wapo pia wasemao kwamba Kisumu yatosha Dholuo. Hoja hii ina uzito, na mgonjwa aielewaye vyema lugha hiyo aelezwe kwayo. Hata hivyo, wodi za Kisumu hulaza Waluo, Waluhya, Wakisii, Wanandi na Wahindi, na daktari huenda akatoka pembe yoyote ya nchi. Panapokosekana lugha ya mama ya pamoja, Kiswahili ndicho daraja.

Daraja hilo likikatika, mgonjwa huondoka. Akisikia tu kwamba atatiwa chuma mkononi, huenda kwa mhazigi wa kijijini ambaye angalau husema naye kwa lugha ya nyumbani. Mhazigi si wa kubezwa. Mivunjiko mingi iliyofungika, isiyopinda sana, imepona mikononi mwake. Lakini kitata kilichokazwa mno huzuia damu. Vidole hupoa, huparara, hufa ganzi. Na baada ya saa chache misuli huanza kufa. Mkono ambao ungeokolewa kwa bamba na skrubu chache hulazimika kukatwa.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi hapa, nayo si kubuni maneno mapya. Viketi na madaktari, wauguzi na wahazigi, vitayarishe fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja yenye mchoro wa mkono na majina matano yasiyo na utata: bega, mkono wa juu, kisugudi, kigasha, kifundo. "Kiwiko" kiepukwe katika fomu hiyo hadi wataalamu wakubaliane. Mgonjwa naye aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa, kwa nini, na hatari zake, ndipo apewe kalamu. Akishindwa kurudia, maelezo yaanze upya. Kwani saini iliyotiwa chini ya maneno yasiyoeleweka haiwezi kuitwa ridhaa, hata wino wake ukiwa haujakauka.