Utafiti si Mali ya Wenye Shahada Tatu Pekee

Wapo wasemao kwamba kazi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni kuhifadhi nadharia na kujibu mitihani. Ama utafiti, huo ni wa wakubwa. Kauli hii imekaririwa hata ikadhaniwa kuwa ni hekima. Nasi tunasema ni batili, na wanaolipa gharama yake ni watoto wetu.

Tuutazame mji wetu. Maji mengi ya kandokando ya Mlima Meru yana floraidi itokayo katika miamba ya volkano. Haionekani, wala kuyachemsha maji hakuiondoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mno, meno ya watoto hugeuka hudhurungi na mifupa hupinda. Mama wa Terrat mwenye ndoo kichwani atajuaje alichobeba? Anahitaji kipimo cha bei nafuu kinachoenea kiganjani.

Je, hiyo ni ndoto? Hasha! Kipimo cha haraka cha malaria katika zahanati zetu aghalabu huonesha mstari mwekundu kwa chembe za dhahabu zenye ukubwa wa makumi ya nanomita tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hapa hapa Arusha, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji kwa elimu hiyo ya nano, akatunukiwa tuzo ya Uingereza mwaka 2015.

Lakini taasisi hiyo iliasisiwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu. Hatuilaumu. Tunalaumu mazoea ya kumngojesha kijana miaka mitatu au minne kabla hajashika chombo. Marekani, tangu 1987, Shirika lao la Taifa la Sayansi huwalipa posho wanafunzi wa shahada ya kwanza wafanye utafiti maabarani wakati wa likizo.

Watasema: vifaa ni ghali, vijana watavivunja. Tunajibu: seremala hakabidhiwi randa baada ya kuwa fundi, huipokea angali mwanagenzi. Isitoshe, vipo vipimo vinavyotengenezwa kwa karatasi.

Basi vyuo vyetu vizigeuze wiki za mafunzo kwa vitendo ziwe za utafiti wa kweli, si za kupanga majalada na kutumwa chai. Taifa linalomzuilia kijana chombo leo, kesho litakiagiza kwa wengine, kwa bei waitakayo wao.