Msee wa Malakisi, Hiyo DVD ya Harusi ya Wazazi Wako Inakufa Polepole

Fungua droo ya chini ya kabati la TV pale kwenu Malakisi. Utapata remoti haina betri, chaja ya mulika mwizi, na chini kabisa diski tano sita zimefungwa na mpira. Moja imeandikwa kwa maka pen: "Harusi, 2". Namba 1 haijulikani iko kwa nani. Deki ilizima kitambo, na hiyo TV mpya ya ukutani pengine haina hata matundu ya zile waya za nyekundu, nyeupe na manjano.

Sasa sikiza vile dunia inaenda. Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. Samsung ilikuwa tayari imeacha kupeleka deki mpya za Blu-ray Marekani tangu 2019. Netflix, ambayo biashara yake ilianza kwa kutumia watu DVD kwa posta, ilituma diski ya mwisho Septemba 29, 2023. Wenye walianzisha mchezo ndio hao wanafunga duka.

Najua utauliza, Blu-ray gani tena? Huku Bungoma nani aliwahi kuishika? Uko sawa. Lakini ngoja nikupe risto, maana hii maneno inafika hadi kwa hiyo droo yako.

Hizi kampuni zimekuwa zikipigania sebule yako tangu zamani. Sony ilileta Betamax 1975, JVC ikaleta VHS 1976, na VHS ikashinda. Kwa DVD karibu wararuane tena, Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na wenzake upande wa pili, hadi watu wa kompyuta wakiongozwa na IBM wakawaambia waelewane. Wakaelewana 1995, na ndiyo maana DVD ilikuwa moja dunia nzima. Amani ilidumu miaka kumi. 2006 Toshiba ikaleta HD DVD, kambi ya Sony ikaleta Blu-ray, na deki ya huyu haisomi diski ya yule. Januari 4, 2008 Warner ikatangaza inahamia Blu-ray peke yake, na Februari 19 Toshiba ikainua mikono. Wenye walikuwa wamenunua deki za HD DVD wakabaki na sanduku la kupamba nyumba.

Januari 2008 sisi tulikuwa na ngori zetu. Kura zilikuwa zimeleta vita, na kule Mlima Elgon bunduki zilikuwa zinalia. Hakuna mtu Malakisi alikuwa anauliza Warner imeamua nini.

Na kusema ukweli, kwa muvi za kununua hiyo vita haikutuuma. Tulikuwa na VCD, ile inabeba kama dakika 74 hadi 80 tu, ndiyo maana muvi ya Kihindi ilikuja na CD mbili ama tatu, na siku zote ilikwama pale jambazi anataka kupigwa. DVD ikaja ikameza hiyo shida. Kuna pia mambo ya region: Kenya tuko namba 5, Marekani ni 1, Uingereza ni 2, kwa hivyo DVD orijino binamu yako alituma kutoka Marekani ingeweza kudinda kabisa kwa deki iliyotengenezewa huku. Deki nyingi za bei rahisi kutoka China hazikujali. Zilisoma VCD, DVD, MP3, chochote ulichosukuma ndani. Diski ikikwaruzika unarudi kwa msee wa muvi na finje yako unapata ingine. (Kwamba nyingi zilikuwa za wizi na wasanii wa Riverwood walikuwa wanalia, hilo tuliliona ni jambo la KECOBO. Halikuwa.) Baadaye flashi zikaingia, ukawekewa DJ Afro za wiki nzima, na diski ikasahaulika.

Hasara yetu iko kwa zile rekodi hazijawahi kuuzwa dukani. Harusi ya wazazi wako. Mazishi ya kuka. Muvi ya Jackie Chan iko kwa mashine milioni duniani, lakini ile siku ya kuka iko kwa diski moja, na video man wa Bungoma ama Kitale aliyeichoma ashafuta yake kupata nafasi ya kazi ingine. Fikiria kama mzee alipewa kumuse. Yule mswali amesimama uwanjani akitaja ukoo kutoka ulikotoka, nani alizaa nani, nani alihamia wapi na kwa nini. Wengi waliokuwa wamekaa wakisikiza hawapo tena. Hiyo huwezi kununua finje popote.

Na diski ya kuchomwa si sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani picha imepigwa muhuri ndani ya plastiki. Ya kuchomwa, DVD-R ama DVD+R, imewekwa rangi maalum ambayo leza inaunguza kuandika. Jua na joto la chini ya mabati vinaimaliza hiyo rangi polepole. Kwa hivyo diski ya 2009 inaweza kung'aa fiti bila mkwaruzo hata mmoja na bado isisomeke.

Mbona nakuambia sasa? Mwaka huu ni 2026, mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Agosti chinyimba zitalia. Familia zitalipa watu wa kamera doo ya maana. Diski hawatakupa, watakupa flashi ama linki, na wewe utadhani vita vya fomati viliisha. Zi. Viliingia ndani ya faili. Simu nyingi na kamera mpya zinarekodi kwa H.265 kuokoa nafasi, halafu unachomeka flashi kwa TV ya zamani inakuandikia haijui hiyo faili. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haiwezi kubeba faili moja ya zaidi ya GB 4, kwa hivyo video ndefu inakataa kuingia ama inakatwakatwa. Linki nayo ni ya mwenye mtambo. Netflix ilitupa Kenya mpango wa bure wa simu Septemba 2021, na Novemba 2023 ikauondoa. Huyo ni jitu la dunia. Sasa linki ya msee wa kamera itakaa miaka mingapi?

Kabla umlipe mtu deposit, mwambie unataka MP4 ya H.264, ambayo karibu TV na simu yoyote inasoma, na unataka pia zile picha mbichi hazijakatwa. Weka nakala moja Malakisi na ingine kwa khocha yako Kitale. Wacha flashi ya bei ya kutupa imeandikwa 2TB, hiyo namba ni ya kudanganya.

Zile za zamani, anza na kanda za VHS, kwa sababu Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza mashine zake, iliacha Julai 2016 na zinazobaki zinazeeka tu. Halafu diski. Tafuta laptopu yenye sehemu ya DVD, ama ile ya kuchomeka kwa USB, na unakili folda yote inayoitwa VIDEO_TS, si faili moja. Kwa VCD tafuta folda ya MPEGAV.

Na diski ikigoma usiitupe bado. Ipanguze na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, halafu uijaribu kwa mashine mbili tatu za majirani. Mara nyingi diski bado iko hai. Iliyochoka ni lenzi ya deki yenu.