Farasi Wanaopotea Msalato

Gari likipanda kutoka Dar es Salaam hadi Msalato, aghalabu mwenyewe hulalamika kwamba injini imelegea. Fundi huitwa, injini hufunguliwa, fedha hulipwa, na gari hurudi na udhaifu ule ule. Kisha fundi huitwa mwizi. Kwa maoni yangu, injini isifunguliwe kabla hesabu haijafanywa.

Hesabu yenyewe twaweza kuiazima kwa washindani wa Marekani, ambao hukimbiza magari katika njia iliyonyooka ya mita 402, yaani robo maili. Gari huanza likiwa limesimama, na kasi yake hupimwa kwenye mstari wa mwisho. Tukichukulia kuwa nguvu haibadiliki njiani, basi ni uzito wa gari kwa kilo, mara kipeo cha tatu cha kasi, kugawanya kwa urefu wa njia mara tatu. Mathalani, gari la kilo 1,500 pamoja na dereva, likimaliza kwa mita 36 kwa sekunde (karibu kilometa 130 kwa saa), limepata wati 58,000, yaani nguvu za farasi 79. Injini yenyewe hutoa zaidi, kwani gia, matairi na upinzani wa hewa hula sehemu yake. Kanuni ya washindani hao, iliyotokana na majaribio, hukisia 135.

Sasa, Msalato iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika kumi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Hapana fundi awezaye kuirudisha hewa hiyo kwa spana.

Hata hivyo, kwa sababu ya kipeo cha tatu, upungufu huo hushusha kasi ya mwisho kutoka 130 hadi 125 tu. Kwa hiyo spidomita haiaminiki hapa: ikizidisha kasi kwa asilimia 5, makisio ya nguvu hupanda kwa zaidi ya 15. Kasi ipimwe kwa saa na kamba, katika uwanja uliofungwa; si kwenye barabara ya Kondoa, penye malori na watoto wa shule.

Gari lililofikia 130 pwani likipata 125 hapa, ni zima. Likipata 110, karibu sehemu nne katika kumi za nguvu zimekwenda, na hapo fundi aitwe.