Mzazi wa Mtoto Mlemavu Asikatwe Mshahara



Mwenzetu mmoja, kibarua wa kukata miwa upande huu wa Busitema, alipata mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Muuguzi alimpa habari njema: ulemavu huo hutibika, mradi mtoto aanze matibabu angali mchanga. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila wiki, mara tano au zaidi. Kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu, mwanzoni mchana na usiku, baadaye usiku tu, mpaka afikie miaka minne hivi.

Mama wa mtoto alikuwa bado mgonjwa, basi baba akaenda wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu nyapara akamwambia: ukienda tena, nafasi yako atapewa mwingine. Akaacha kwenda. Mguu ukarudi kupinda.

Majirani walisema baba ni mzembe. Wengine walisema ni laana. Mimi nasema ni hesabu. Wiki sita ni siku sita za kazi, na kibarua asiyefika kazini halipwi.

Wataalamu wa afya husema mzazi ndiye mshirika wao wa kwanza. Ni kweli. Daktari humwona mtoto nusu saa. Mzazi humlisha, humbeba na humkalisha kila siku. Hapa Uganda yako makundi ya wazazi yaitwayo Baby Ubuntu, ambamo mmoja wa viongozi ni mzazi aliyelea mtoto mwenye ulemavu. Mzazi humfundisha mzazi mwenzake namna ya kumlisha mtoto asipaliwe na kumweka akae vizuri. Lakini ushirika gani huo, ikiwa mzazi hana ruhusa ya kutoka getini?

Tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Busia, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilitoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Siku ya kumpeleka mtoto mlemavu kliniki haikutajwa. Pale sheria iliponyamaza, mkataba wetu na mwajiri useme.

Tudai mambo mawili. Kwanza, mzazi mwenye kadi ya kliniki apewe siku hiyo kwa malipo, vibarua wakiwamo. Pili, asifukuzwe kwa sababu hiyo. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba majukumu ya familia peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Mwajiri atalia gharama. Tumjibu kwamba siku sita leo ni chache kuliko miaka ya mzazi kubeba mtoto mgongoni.

Na sisi akina baba tujisahihishe. Wapo wanaomkimbia mama pamoja na mtoto. Huwezi kudai haki kwa mwajiri huku unaikanyaga nyumbani.

Ukiona mtoto ana nyayo zilizopinda, au kichwa kinakua upesi kupita kiasi, usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi. Nenda kliniki, kisha mwone mwakilishi wa tawi lako. Kazi ya kukulinda ni yetu.