Doa Chini ya Vani: Lisome Kabla ya Safari



Likizo za shule zikikaribia, vani hupanguswa vumbi katika nyumba nyingi za pwani yetu. Magodoro hutandikwa nyuma, jiko la gesi hufungwa kamba, madumu ya maji hupangwa, na watoto huanza kuhesabu siku za kwenda Malindi, Diani au Tsavo. Wako hata waliong'oa viti na kujenga ndani kitanda, sinki na tangi la maji, gari likawa nyumba ndogo ya magurudumu. Katika pilikapilika hizo, majimaji yaonekanapo chini ya gari hupuuzwa kwa neno jepesi: "Ni maji tu, yatakauka." Leo twataka kulizungumzia doa hilo, kwa kuwa yako madoa yasiyo na neno, na yako ambayo yakionekana safari haianzi.

Kazi hii haihitaji ufundi wa gereji. Mwanamke anayejua kwa pua kwamba tui limechacha, na kwa kidole kwamba shira imeiva, anavyo vyombo vyote vitakiwavyo: jicho, pua na subira ya usiku mmoja.

Jioni, egesheni gari mahali palipo sawa. Kunjueni katoni kubwa, au tandazeni shuka kuukuu nyeupe, chini ya gari toka mbele hadi nyuma, na mweke mawe pembeni lisipeperushwe na upepo. Tieni alama ya kalamu yalipo magurudumu. Asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, vuteni katoni mtazame. Mtu yeyote asitambae chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Jambo la kwanza ni mahali. Rejeta iko mbele. Katika vani kama Toyota HiAce injini imekaa chini ya viti vya mbele, hivyo oili yake hudondokea usawa wa dereva na abiria wake, si puani mwa gari. Giaboksi huifuata kwa nyuma. Difu, lile bonge la chuma, liko katikati ya ekseli ya nyuma. Doa lililo karibu na gurudumu ni la kutiliwa shaka zaidi kuliko yote, na sababu yake tutaieleza.

Jambo la pili ni rangi na harufu. Maji meupe yasiyo na harufu wala utelezi, yanayotoka baada ya kiyoyozi kufanya kazi, ni unyevu wa hewa tu uliogeuka maji. Hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu, kwa hiyo maji hayo huwa mengi, na vani yenye kiyoyozi cha nyuma pia yaweza kudondosha mahali pawili. Hayo hayana neno. Lakini kama kiyoyozi hakikuwashwa na maji yapo, tazameni tangi la sinki na madumu. Navyo vikiwa vikavu, ishukuni rejeta, hasa kwa magari yanayotiwa maji matupu.

Majimaji ya kijani, mekundu, ya waridi au buluu, yenye harufu tamutamu, ni dawa ya rejeta ambayo wengi huiita kulanti. Oili ya injini ikiwa mpya hufanana na asali, ikizeeka huwa nyeusi. Mafuta mekundu yanayoteleza huwa ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Mafuta mazito yanayonuka kama yai viza, chini ya ekseli ya nyuma, ni ya difu. Petroli hujitangaza yenyewe kwa harufu na hukauka upesi. Dizeli huacha doa la mafuta lisilokauka.

Jambo la tatu ni jaribio la kikombe. Chukueni kikombe cha kutupa, kitieni maji, mdondoshee tone la kitu hicho. Oili, petroli na dizeli huelea juu na kufanya rangi za upinde wa mvua. Kulanti na mafuta ya kawaida ya breki huchanganyika na maji yakapotea. Kikombe hicho kisirudi jikoni, wala mtu asionje kitu chochote kilichotoka garini.

Hapa ndipo palipo uzito wa maneno yetu. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, nayo huwa meupe au manjano hafifu, yakichakaa huelekea kahawia. Kwa haraka mtu huyadhani maji. Mama mmoja wa Kisauni alitusimulia kwamba aliona unyevu ndani ya gurudumu la nyuma, siku moja kabla ya kumchukua mamake na watoto watano kwenda Diani. Jirani alimwambia ni maji ya kiyoyozi. Yeye akauliza: maji ya kiyoyozi yaweje na utelezi, na yafikeje ndani ya gurudumu? Akakataa kuondoka. Fundi alipofungua gurudumu, alikuta raba ya breki imekatika na mafuta yamelowesha kila kitu ndani. Njia ya familia ile ilikuwa ipitie mteremko wa kushukia feri pale Likoni, mbele yao magari na waendao kwa miguu, na mbele ya hao bahari.

Kwa hiyo, doa likishukiwa kuwa la breki, gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya mtaa wa pili. Kuongeza mafuta si dawa, kwani kinachodondoka gari limesimama hutoka kwa nguvu zaidi mguu unapokanyaga. Fundi aje gari lilipo, au gari lipakiwe juu ya lori.

Petroli nayo ina amri yake: injini isiwashwe, sigara izimwe, na jiko la gesi la safari lisiguswe hadi mvujo upatikane.

Kulanti yataka hadhari ya nyumbani. Utamu wake huwavuta watoto na paka, na aina iliyo ya kawaida ni sumu ya kuharibu figo hata kwa kiasi kidogo. Dimbwi lake limwagiwe mchanga, lifagiwe, na pahala paoshwe. Ya akiba isitiwe katika chupa ya soda. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ingali moto, kwani maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni.

Oili ya injini, ya giaboksi au ya difu ikidondoka tone moja moja, pimeni kiasi chake, ongezeni kinachopungua, na mwoneni fundi kabla ya safari ndefu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Injini iliyoishiwa oili njiani huharibika kwa gharama kubwa kuliko raba iliyokuwa ikivuja.

Mkienda kwa fundi, ichukueni ile katoni, au picha yake. Msimwambie, "Gari lavuja, litengeneze." Mwambieni kinachotoka, mahali kilipodondokea na kiasi cha usiku mmoja, kisha mtake awaonyeshe kwa tochi kinakoanzia kabla hajataja bei. Upepo wa njiani husukuma mafuta nyuma, hivyo mwambieni apasafishe kwanza ndipo atazame upya. Kazi ikiisha, tandazeni katoni mpya usiku huo. Ikiamka kavu, pakieni mizigo.

Twawatakia nyote safari za salama, Inshaallah. Wassalaam.